Kusafisha vali ya silensi ya gari la spoti nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye magari ya spoti ya miaka ya nyuma hapa Dodoma na mikoa jirani: Impreza, Celica, Silvia, MX-5, Mark II zenye turbo na mengine ya rika lao. Malalamiko yanayorudi kuliko yote ni ya silensi, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa haupo kwenye mafuta. Gari linazima kwenye taa, au linanguruma juu bila kukanyagwa mafuta, na mwenye gari ameshaambiwa anunue vali mpya. Msimamo wangu nauweka mbele kabisa: vali hii huchafuka mara nyingi kuliko inavyokufa, na kuisafisha ni kazi ya asubuhi moja uani kwako, mradi usitumie nguvu pasipotaka nguvu na usiguse skrubu zisizohusika.

Vali ya silensi inafanya kazi gani?

Ukiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, kisahani cha throto, kile kinachopitisha hewa ya kuingia kwenye injini, hujifunga karibu kabisa. Injini nayo bado inataka hewa ili isizime. Hewa hiyo hupita njia ya pembeni inayokikwepa kisahani, na vali ya silensi ndiyo mlango wa njia hiyo. Kompyuta ya gari huufungua na kuufunga kidogo kidogo kwa kadiri ya mzigo: asubuhi injini ikiwa baridi huufungua zaidi, ukiwasha AC huuongeza, ukikata usukani gari likiwa limesimama huuongeza tena, injini ikishika joto huurudisha.

Aina mbili utakazokutana nazo zaidi ni yenye pini ya ncha nyembamba inayosukumwa mbele na nyuma na mota ndogo, na yenye kizibo kinachozunguka kufungua na kufunga tundu. Ugonjwa wao ni mmoja. Uchafu mweusi unanata, kipande kinachotembea kinachelewa au kinakwama, kompyuta inatoa amri na mlango hautii.

Nitajuaje kama gari langu lina vali hii?

Fungua boneti, fuata bomba nene la hewa kutoka kwenye eya klina mpaka linapoingia kwenye throto. Kama throto inavutwa na waya wa chuma unaotoka kwenye pedali, na haina mota ya umeme ubavuni, vali ipo. Kwenye Toyota zenye injini ya 3S-GE au 4A-GE za miaka ya 1990 mara nyingi imefungwa chini ya throto. MX-5 ya kwanza, ile ya 1989 hadi 1997, nayo ni chini ya throto. Silvia zenye SR20 imejificha nyuma ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), mahali pagumu kuingiza mkono. Impreza inategemea toleo: nyingine imekaa kwenye throto yenyewe, nyingine iko pembeni na imeunganishwa kwa hozi.

Magari yenye throto ya umeme hayana vali ya pembeni. Mark X, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2004, na RX-8 ni mifano mnayoiona barabarani kila siku. Huko kisahani chenyewe ndicho kinacholinda silensi, kwa hiyo unasafisha kisahani na kingo zake tu, swichi ikiwa imezimwa. Usikisukume kwa kidole kwa nguvu, kwa sababu kinaendeshwa na gia ndogo ambazo hazipendi kulazimishwa.

Gari linazima nikikaribia taa za barabarani, lakini nikitoka kwenda Morogoro linakwenda safi. Ndiyo vali?

Ni moja ya dalili zake kubwa. Kwenye barabara kuu mguu wako uko kwenye mafuta, throto iko wazi, vali haina kazi kubwa. Ukiachia mafuta ghafla ndipo kompyuta inapoitegemea, na kama imekwama, injini inakosa hewa na kuzima.

Dalili nyingine ni silensi inayopanda na kushuka bila kutulia, injini kuzimika ukiwasha AC, kuhitaji kukanyagiwa mafuta asubuhi ili iwake na kukaa, au kinyume chake: silensi kubaki juu hata injini ikishapata joto. Injini nyingi za aina hii zikiwa na joto kamili hukaa kati ya mizunguko 650 na 900 kwa dakika. Zikiwa baridi hupanda mpaka 1,200 au 1,500, kisha hushuka taratibu. Kupanda huko kwa asubuhi si ugonjwa, na msiende gereji kwa ajili hiyo.

Nikiwa Dar gari lilikuwa zima. Nimehamishiwa Dodoma, silensi imeharibika. Mji unahusika?

Unahusika, kwa njia mbili, na swali hili huulizwa sana tangu ofisi zihamie huku.

Ya kwanza ni mwinuko. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 ukilinganisha na pwani. Injini ikiwa kwenye silensi inahitaji karibu kiasi kilekile cha hewa kwa uzito ili iendelee kuzunguka, na kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi, vali lazima ifunguke zaidi ili kuipitisha. Vali iliyoziba nusu ilikuwa bado na nafasi ya kufidia ukiwa Dar. Huku nafasi hiyo imeliwa. Gari halikuharibikia njiani Gairo. Lilikuja na uchafu wake, mwinuko ukaudhihirisha.

Ya pili ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni kama hakuna, upepo unavuma, na barabara nyingi za ndani kule Ilazo, Nkuhungu au Nzuguni bado ni za udongo. Vumbi kavu peke yake halizibi vali. Linahitaji kitu cha kulinatisha, na kitu hicho ni mvuke wa oili. Kila injini ina hozi ya kupumulia inayorudisha mvuke kutoka kwenye kreki kesi (sehemu ya chini ya injini) na kifuniko cha juu cha injini hadi kwenye njia ya hewa. Injini iliyochoka kidogo, na hasa yenye turbo, hutoa mvuke mwingi, na hapo vumbi linapata pa kushika.

Ukiitoa vali ya gari lililokaa huku misimu kadhaa, tazama mdomo wa tundu kwa tochi. Juu utaona ukoko mweusi unaong'aa. Ukwangue kwa kijiti cha meno, chini yake unatoka wa kahawia, na ukiusugua kati ya vidole unakwaruza. Huo mkwaruzo ni udongo wa Dodoma. Ukiona hivyo, eya klina yako imepitisha vumbi, na kusafisha vali bila kushughulikia eya klina ni kazi ya kurudia.

Hapa niseme wazi kwa vijana wanaotoa boksi la eya klina la kiwandani na kufunga ile ya koni iliyo wazi. Sauti yake ni tamu, nakubali. Lakini kwa mji huu, ikiwa haina boksi na imekaa karibu na tairi la mbele, inavuta vumbi na hewa ya moto kwa pamoja. Rudisheni boksi, au angalau jengeni ukuta wa bati kuizunguka.

Nitahakikishaje kuwa tatizo ni vali na si kitu kingine kabla sijafungua?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aanze nalo, maana vali inalaumiwa kwa makosa ya wengine.

Anza na hozi. Hozi ya mpira iliyopasuka au klipu iliyolegea inaingiza hewa isiyopimwa, na silensi inacheza vilevile kama vali ikiwa mbovu. Joto la huku hukausha mpira mpaka ukaanza kupasuka kwenye mikunjo. Zikunje kwa mkono injini ikiwa imepoa, utaziona nyufa. Kisha washa gari, chukua chupa ya kupulizia maji, pulizia ukungu mwembamba kwenye maungio ya manifoldi na hozi moja baada ya nyingine. Silensi ikibadilika ulipopulizia, umepata uvujaji. Wapo wanaofanya jaribio hili kwa spre ya kabureta. Inafanya kazi, lakini unapulizia kitu kinachowaka juu ya injini ya moto yenye waya za plagi, maji yanatosha.

Kwa gari zenye turbo na sensa ya kupima hewa, Impreza WRX zikiwemo, angalia vali ya kutoa presha ya turbo, ile inayopiga mluzi ukiachia mafuta. Ya kiwandani hurudisha hewa kwenye bomba la kuingilia. Nyingi zimebadilishwa zikafungwa zinazomwaga hewa nje. Hewa hiyo ilishapimwa na kompyuta ikaipangia petroli. Ikimwagwa nje, petroli inazidi na gari linazima ukiachia mafuta kwenye kona au taa. Hapo unaweza kusafisha vali ya silensi kutwa nzima usipate nafuu. Rudisha ya kiwandani kwanza, endesha, ndipo uamue.

Plagi zilizochoka na koili zinazokufa hutoa mtikisiko, gari linamisi, lakini sindano ya mizunguko haipandi na kushuka kwa mpangilio. Sensa ya kupima hewa ikichafuka, gari huwa zito hata ukikanyaga mafuta, si kwenye silensi tu.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Injini ikiwa na joto na iko kwenye silensi, gonga mwili wa vali taratibu kwa mpini wa bisibisi. Silensi ikibadilika ghafla, kipande cha ndani kilikuwa kimenata na umekistua. Hiyo ndiyo vali yako.

Nahitaji vifaa gani?

Spana au soketi za 10 na 12, bisibisi nzuri za nyota, plaizi, tochi, mswaki wa zamani, pamba za masikioni, vitambaa safi visivyotoa nyuzi, gasketi au oringi mpya, chupa ya dawa ya kusafishia throto, na glovu. Weka kipande cha turubai chini. Skrubu ikidondokea kwenye mchanga wa uani utaitafuta mpaka jioni.

Fanya kazi nje, penye hewa, asubuhi kabla jua halijawa kali. Na jiko la mkaa lihamishwe. Nalisema hili kwa uzito wote: uani kwetu ndiko kunakopikwa, na mvuke wa dawa hizi hutambaa chini na kushika moto ukiwa mbali na chupa.

Naweza kutumia petroli badala ya dawa ya chupa?

Sishauri. Petroli inayeyusha utando mwepesi lakini ukoko wa zamani unabaki, na hatari ya moto ni kubwa zaidi. Dawa ya kusafishia throto ndiyo inayofaa. Ya kabureta ni kali zaidi. Inang'oa uchafu haraka lakini huvimbisha oringi na inaweza kuingia kwenye koili ya umeme ya vali ikaharibu varnishi ya waya. Kama ndiyo uliyonayo, toa oringi kwanza, pulizia kwenye kitambaa au mswaki, usimwage ndani.

Dawa yoyote kati ya hizi isiguse sensa ya kupima hewa. Ile ina dawa yake.

Msasa, waya wa chuma na kisu viweke mbali. Tundu la vali limechongwa kwa kipimo kidogo sana, na mkwaruzo mmoja utapitisha hewa siku zote. Baadhi ya visahani vya throto vina rangi maalumu ya kiwandani pembeni inayosaidia kuziba. Ukiisugua ukidhani ni uchafu, silensi haitashuka tena.

Nieleze utaratibu wenyewe, mwanzo mpaka mwisho.

Injini iwe imepoa kabisa, si ya saa moja iliyopita. Piga picha kwa simu kila hozi na kila soketi ya waya kabla hujagusa kitu; picha moja kwa mbali, moja kwa karibu. Toa waya hasi wa betri. Kama redio au alamu yako inadai namba ya siri ikikosa umeme, hakikisha unayo.

Toa bomba la hewa linaloingia kwenye throto. Sasa tazama kama vali ina hozi mbili nyembamba za maji. Nyingi za Kijapani zinazo, kwa sababu maji ya injini hupitishwa pale kuipa joto. Fungua kifuniko cha rejeta kwa muda kutoa presha kisha kirudishe. Narudia, injini iwe baridi. Bana hozi kwa plaizi iliyozungushiwa kitambaa, zitoe, na kinga maji yatakayodondoka. Yatakuwa kikombe hivi. Yafute pale pale, maana kulanti, yaani maji hayo ya kupoza injini, ni sumu na ina utamu unaovutia mbwa na watoto.

Chomoa soketi ya umeme kwa kubonyeza klipu yake, usivute waya. Plastiki ya umri huu, kwa joto la huku, inakatika kirahisi. Fungua skrubu au bolti kwa kupokezana, kidogo hapa kidogo pale, mpaka vali itoke. Kama imenata, igonge ubavuni kwa mpini wa mbao. Usiingize bisibisi katikati ya nyuso mbili. Utazikwaruza na hewa itavuja.

Ishike vali mdomo ukitazama chini muda wote wa kusafisha. Hii ndiyo siri ya kazi nzima: uchafu na dawa vidondoke nje, visitiririke kuelekea kwenye koili na beringi. Pulizia kidogo, subiri dakika mbili, piga mswaki, futa. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Kwenye kona tumia pamba za masikioni. Usiilaze vali nzima ndani ya beseni la dawa, hata kama umeona mtu akifanya hivyo.

Kwa ya kuzunguka, kizibo kiwe kinasogea laini kwa ncha ya pamba, bila kukwaruza. Kwa ya pini, usiisukume ndani wala kuivuta kwa plaizi. Ndani mna uzi wa skrubu unaovunjika. Wala usiiunganishe na umeme ikiwa nje ukawasha swichi ili uione ikicheza, kwa sababu nyingine husukuma pini mpaka ikachomoka.

Njia ya hewa upande wa throto nayo ina uchafu uleule. Isafishe kwa kitambaa kilicholowa dawa, ukifuta kuelekea nje. Kisha kisahani cha throto, mbele na nyuma, na ile kingo ambapo kisahani hugusana na ukuta. Hapo hujengeka pete nyeusi inayozuia kisahani kurudi vizuri.

Acha vikauke nusu saa. Usitumie kompresa ya presha kubwa kwenye vali. Weka gasketi mpya. Ikiwa ya karatasi haipatikani dukani, ikate mwenyewe kutoka kwenye karatasi ya gasketi, ukitumia ya zamani kama kipimo, na hakikisha matundu yote yapo. Gundi ya silikoni nawasihi muiache: ikizidi hubanwa kuingia kwenye njia ya hewa na kuziba kile ulichokuja kuzibua, na mvuke wake huharibu sensa ya oksijeni. Wala usipake oili au grisi ndani ya vali. Itakaa laini wiki chache, halafu vumbi litapata pa kukaa.

Rudisha kwa kufuata picha. Kaza kwa kupokezana, kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu. Throto ni ya alumini na uzi wake hufa haraka. Jazia kulanti, washa injini, acha hewa itoke kwenye mfumo wa maji, na uangalie tampecha siku ile nzima.

Skrubu zimegoma na kichwa kimeanza kulika. Nifanyeje?

Simama kabla hakijalika zaidi. Skrubu za nyota za magari ya Kijapani zina mchongo wao. Bisibisi ya kawaida ya nyota inaingia lakini haifiki chini. Ukizungusha inapanda na kukata kingo za mchongo. Angalia kichwa kwa karibu: vingi vina kitone kidogo kilichobonyezwa pembeni ya msalaba. Hiyo ni alama ya mchongo wa Kijapani, na bisibisi zake zinauzwa kwenye maduka ya vifaa yaliyojaa vizuri.

Pulizia dawa ya kutu, acha usiku kucha. Kesho yake tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ile inayozunguka yenyewe ikipigwa, ukiwa umeitoa throto nzima na kuiweka juu ya ubao. Kutoa throto kunaongeza kazi lakini kunaokoa skrubu. Zikitoka, badilisha uweke bolti za ukubwa uleule zenye kichwa cha ufunguo wa pembe sita, na safari ijayo itakuwa nyepesi.

Dodoma hakuna barafu. Kwa nini nisizibe zile hozi za maji kabisa?

Hoja hii ina ukweli nusu. Kwenye baadhi ya magari maji yale kazi yake ni kuzuia barafu kwenye nchi za baridi, na huku hatuna shida hiyo hata Julai. Lakini kwenye mengine, ya zamani hasa, ndani mna nta inayotanuka kwa joto la maji na kufunga njia ya hewa ya ziada injini ikipata moto. Ukikata maji, nta haipati joto kwa wakati wake, na silensi inabaki juu. Kama hujui la kwako ni lipi, acha kama lilivyo.

Na maji ya kujazia yasiwe ya kisima. Visima vingi vya huku vina chumvi, na chumvi hiyo hujenga ukoko kwenye vijia vyembamba vile vya vali na kwenye rejeta pia. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au maji ya betri (yale yasiyo na asidi) na kulanti.

Fundi anasema tukaze kidogo skrubu ya throto silensi ipande, tumalize. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Skrubu ile iliwekwa kiwandani ili kisahani kisigonge ukuta na kukwama. Haikuwekwa kwa ajili ya silensi. Ukiikaza, kisahani kinabaki wazi, sensa ya throto inaiambia kompyuta kwamba mguu uko kwenye mafuta, na kompyuta inaacha kusimamia silensi. Utapata gari lisilozima, ndiyo, lakini lenye silensi ya juu kila likipata moto, linalokula mafuta na kukusukuma kwenye foleni ya asubuhi ya kwenda Mtumba. Kuvuta waya wa mafuta ukakaza nati zake ni kosa lilelile kwa njia nyingine.

Kama gari lilishafanyiwa hivyo, ukisafisha vali silensi itapaa, na watu wataanza kuilaumu dawa. Rudisha skrubu ilivyokuwa. Magari mengine yana skrubu halali ya hewa ya silensi, kwa mfano MX-5 ya kwanza, lakini hurekebishwa injini ikiwa na joto na pini ya majaribio ikiwa imeunganishwa waya, na lengo lake ni mizunguko 850. Fuata kitabu cha gari lako.

Nimesafisha, sasa silensi iko 1,800. Nimeharibu?

Pengine hapana. Miezi yote ile kompyuta ilikuwa imejifunza kuifungua vali zaidi ili kufidia uchafu. Uchafu umeondoka, mazoea yamebaki. Ndiyo maana ya kutoa waya wa betri: uache nje dakika 15 hivi. Ukiurudisha, washa injini bila kukanyaga mafuta, AC, taa na redio vikiwa vimezimwa. Iache mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili. Kisha washa AC, iache dakika chache, zima, endesha taratibu mtaani ukisimama na kuondoka. Baadhi ya magari hutulia pale pale, mengine huchukua siku mbili tatu za matumizi ya kawaida.

Ikibaki juu baada ya hapo, tafuta hewa inayovuja: gasketi iliyokaa vibaya, hozi uliyoisahau, bomba la throto lisilokazwa. Rudia jaribio la ukungu wa maji.

Taa ya injini inawaka na mashine inasoma P0505. Nibadilishe vali?

P0505 ni namba ya kosa inayosema mfumo wa silensi una hitilafu. P0506 ni silensi ya chini kuliko inavyotakiwa, P0507 ni ya juu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema "nunua vali". Uvujaji wa hewa peke yake unaweza kuleta P0507.

Kabla ya kununua, pima koili kwa mita ya umeme, soketi ikiwa imechomolewa. Nyingi za magari haya husoma kati ya ohm 7 na 30. Kitabu cha gari kitakupa kipimo kamili. Ikisoma sifuri, koili imegusana. Isiposoma kabisa, waya umekatika. Hapo ndipo ununue, maana hakuna dawa inayoponya koili iliyoungua.

Nisafishe kila baada ya muda gani?

Kwa anayeishi kwenye lami, kila unapobadilisha plagi inatosha. Kwa anayepita vumbi kila siku, au anayekwenda Kondoa na Mpwapwa mara kwa mara na kuingia njia za vijijini, ifungue mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua za Desemba hazijaanza. Kati ya hapo, kagua eya klina kila mwezi, na kama injini yako ina turbo, funga kopo la kunasa oili kwenye hozi ya kupumulia. Kopo hilo likimwagwa kwa wakati linapunguza ukoko kwa kiasi utakachokiona kwa macho.

Vali yangu imekufa kweli. Ya mtumba inafaa?

Inafaa ukiichagua vizuri, na kwa magari haya ya zamani mara nyingi ndiyo inayopatikana. Nenda na ya kwako mkononi. Linganisha idadi ya pini kwenye soketi, nafasi za skrubu, umbo la matundu, na namba iliyochapwa ubavuni. Zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa za injini tofauti. Mwombe muuzaji akuruhusu kupima ohm pale pale kabla hujalipa, na ugeuze kizibo kwa pamba uone kama kinatembea. Ukishaifikisha nyumbani, isafishe kwa utaratibu uleule kabla ya kuifunga, kwa sababu nayo imetoka kwenye injini iliyokuwa ikivuta mvuke wa oili miaka yote hiyo.